Doti Moja ya Tanga

Askari wa kizuizi cha Bogoro aligonga robota letu kwa fimbo. "Hii iko nini?"

"Tanga," nikamjibu.

Akanikazia macho, akamtazama dereva wa pikipiki, akarudi kwangu, kisha akaangua kicheko. "Nitange nini? Leta basi karatasi nitange!"

Ilibidi dereva anifafanulie kando. Kijana yule alikuwa mtu wa Kilingala, na kwa Kilingala ukimwambia mtu "tanga" umemwamuru asome. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mizaha ya jina la mji wetu nimeizoea, lakini huo ulikuwa mpya. Nikafungua robota. Askari akashika pindo la turubai la rangi ya chungwa, akalisugua kwa vidole viwili kama mwanamke anayechagua kitenge, akauliza kama ni hema. Nikamwambia ni nguo ya chombo, huvaliwa mbele, wakati wa upepo mkali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mengi, akashusha kamba, tukapita.

Bogoro ni mahali pa kupita kwa adabu. Februari 2003 kijiji hiki kilivamiwa na watu wengi wakauawa, kesi yake ikafika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Dereva hakusema neno hadi nyumba za mwisho zilipobaki nyuma. Kisha ardhi ikakatika mbele yetu, na chini kabisa, kama bati lililoanikwa juani, likaonekana Ziwa Albert. Bunia iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko mita 619. Tofauti yote hiyo barabara huimaliza kwenye ukingo huu wa Bonde la Ufa, kwa kona za vumbi ambazo pikipiki huzishuka injini ikilalamika. Ukishuka unavua koti, ukishuka zaidi unafungua vifungo vya shati. Ukifika Kasenyi umeshasahau kwamba asubuhi ulikunywa chai ukiwa umejikunyata.

Nilikuwa nimefika Bunia siku sita nyuma, kwa ndege ndogo kutoka Entebbe. Ndege ilivuka ziwa mchana, nami nikabandika uso dirishani. Upande wa Uganda maji yalikuwa laini. Tulivyozidi kuelekea Kongo yakaanza kutoa mistari myeupe, michache, kisha mingi, yote ikielekea kwenye ule ukuta wa milima wa magharibi. Mwenye kusoma maji hahitaji kuambiwa zaidi. Wanyoro wa upande wa Uganda huliita ziwa hili Mwitanzige, muua nzige, kwa kuwa hata nzige wakijaribu kulivuka huishia majini.

Aliyeniita ni mfanyabiashara wa makayabo, samaki wa chumvi, mama wa makamo ambaye tulijuana sokoni Kampala. Ana vyombo viwili vya mbao pale Kasenyi. Petroli ya injini ilikuwa inamlia faida yote, akaamua kimoja akisimamishie mlingoti. Mlingoti wa mkaratusi ukasimama, tanga kuu likashonwa, likafanya kazi. Tatizo likawa la mbele.

"Tanga ya mbele inapasuka kila mwezi," aliniambia kwenye simu. "Fundi anashona, mupepo inapasua. Kuja uone."

Mimi huishi kwa kalamu, na kalamu ikikauka huishi kwa kushona na kurekebisha matanga. Nikafunga begi, nikabeba na macho ya shaba ishirini, zile pete za kuimarisha matundu ya kitambaa, nikijua bara vifaa vya baharini havipatikani.

Fundi mwenyewe ana kibanda nyuma ya soko, si mbali na Bulevadi ya Libération. Kazi yake ni kushona maturubai ya malori, ambayo Bunia huitwa bashi. Nilimwamkia "Shikamoo" kwa kuwa ni mkubwa wangu. Akacheka, akajibu "Jambo". Sisi watu wa pwani neno hilo tumeliachia watalii, lakini Bunia ni salamu ya kweli, inatolewa kwa moyo na inajibiwa kwa moyo. "Wewe unasema Swahili bora," akaniambia. "Sisi tunasema ya kwetu tu." Nilitaka kumwambia kwamba Kiswahili kilichofika mbali kiasi hiki bila kupotea njia ni bora vya kutosha, lakini alikuwa ameshakunjua sakafuni mabaki ya tanga la mwisho.

Lilikuwa kubwa kupita kiasi, na lilikuwa na tumbo. Ushonaji wenyewe sikuwa na la kuuliza: mishono miwili sambamba, uzi wa nailoni, pembe zimetiwa viraka vitatu vitatu. Lakini fundi wa lori hukata turubai liwe na nafasi ya kufunika mzigo, na mkono wake ulikuwa umezoea hivyo. Tanga lenye tumbo ni zuri kwa upepo wa kubembeleza. Upepo ukiwa mkali, tumbo lile hushika hewa nyingi na kukivuta chombo kwa ubavu badala ya kukisukuma mbele. Hapo hulala, msukani huwa mzito mkononi, na ukingo wa nyuma wa kitambaa huanza kupigapiga kama bendera. Kinachopasua tanga zaidi ya kitu kingine ni kule kupigapiga. Ndiyo maana lile la Fundi lilikuwa limechanika kuanzia ukingo wa nyuma kuingia ndani, kila mara mahali pale pale.

Hapo sina budi kueleza kisa changu, kwa sababu ndicho kilichonipotosha baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa kama baharia kwenye mashua ya starehe, tukitoka Tanga kwenda Wete kwenye kilele cha upepo wa kusi. Mwenye chombo, ambaye hapa hana jina, alikuwa na tanga moja tu la mbele, lile kubwa liitwalo jenoa, la kuviringishwa kwenye waya wa mbele kama mkeka. Upepo ukizidi unalizungusha, linapungua, na wewe umekaa zako nyuma unakunywa kahawa. Ndivyo alivyonieleza. Asichonieleza ni kwamba jenoa lililoviringishwa hadi likabaki theluthi halina tena umbo la tanga. Kitambaa kinachobaki ni chepesi, kilikatwa kwa ajili ya hewa tulivu, na hutuna tumbo hasa pale unapotaka kiwe bapa. Na roho ya mpango mzima iko kwenye kamba moja nyembamba inayozuia lile viringo lisifunguke.

Katikati ya mkondo wa Pemba kamba ile ikakatika. Jenoa lote likafunguka kwa mshindo mmoja. Chombo kikalala hadi madirisha ya chumba yakaingia majini, omo, pua ya chombo, ikageuzwa kufuata upepo, na msukani ukawa hauna habari. Niliagizwa kwenda mbele nilishushe. Jarari, kamba ya kutwekea, ilikuwa imekwama, nikabaki kule karibu nusu saa nikivuta, hadi tanga lenyewe lilipojirarua likatupunguzia kazi. Kovu la kiwiko ninalo. Tangu siku hiyo, nikiona tanga kubwa la mbele kwenye upepo, mwili wangu hukataa kabla akili haijaulizwa.

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa mashua za kubeba boriti, asingefikwa na hayo. Tanga la pembetatu kwenye foromali, mti unaobeba tanga, halina mashine ya kuliviringisha. Ukitaka dogo unatua foromali, unafungua kubwa, unafunga dogo, unatweka upya. Kazi hiyo haifanyiki katikati ya dhoruba. Kwa hiyo hata yale majahazi makubwa ya Kuwait, ambayo baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri kwa mojawapo hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1939, yalibeba matanga ya vipimo tofauti, na nahodha alichagua mapema. Mjomba alikuwa akitazama anga baada ya sala ya alfajiri, anasema "dogo" au "kubwa", na mjadala umekwisha.

Kwa hiyo nikamkalisha Fundi nikamtolea hesabu. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukipanda hadi 40, nguvu yake kwenye kitambaa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukifika 60 ni mara tisa. Ndiyo maana jicho hudanganyika: upepo unaonekana umekaza kidogo tu, kumbe tanga limebeba mzigo mwingine kabisa. Agosti 1979, kwenye mashindano ya Fastnet kati ya Uingereza na Ireland, vyombo 303 vilikutwa na dhoruba baharini na washindani 15 wakafa. Baada ya hapo kanuni za matanga ya dhoruba zilikazwa. World Sailing, chama cha kimataifa cha mchezo huo, kina kipimo chake: chukua kimo kutoka sitaha hadi pale waya wa mbele unapofungwa kwenye mlingoti, kizidishe kwa chenyewe, kisha tanga la dhoruba lisizidi asilimia 5 ya jibu hilo. Liko na la pili, la upepo mkali usiofika kuwa dhoruba, ambalo mwisho wake ni asilimia 13.5.

Mlingoti wa Mama una mita 5 hadi pale kamba ya mbele inapofungwa. Tano mara tano ni 25. Asilimia 5 yake ni mita ya mraba moja na robo. Asilimia 13.5 ni mita tatu na ushei.

Fundi akaniomba nimwoneshe kwa kitambaa, maana namba za mraba hazimwambii kitu. Nilikuwa na doti ya kanga niliyomletea Mama zawadi. Kipande kimoja cha kanga ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi. Nikakitandaza. Tanga la dhoruba, nikasema, halifiki hata kanga hii moja. La pili ni doti nzima, vipande vyote viwili kabla hujavikata. Fundi akakuna kidevu. Akatoka nje, akamwita mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kibanda cha jirani. Ndiye mshika usukani wa chombo cha Mama, alikuwa amepanda kutoka Kasenyi kufuata spea za injini.

Mzee akaitazama ile kanga moja iliyotandazwa.

"Hii ni ya kubeba mutoto ku mugongo," akasema.

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa na kovu langu, na Fastnet yangu, na asilimia zangu. Nikasisitiza tushone ndogo. Mama, alipofika jioni na kusikia ubishi, akaamua kama mfanyabiashara: "Shoneni yote mbili. Bashi iko."

Kazi ile ilituchukua siku tatu, na niseme kweli, zilikuwa siku tamu. Umeme ukikatika, cherehani ya Fundi haina habari, ni ya miguu. Alinifundisha jinsi ya kulainisha turubai gumu kwa kuliacha juani kwanza, kisha kulikunja likiwa na moto. Mimi nilimwonesha vitu vitatu. Ukingo wa mbele ukatwe mnyoofu kabisa, ushonewe dasi ndani yake, maana kamba ndiyo inayobeba mvuto wala si kitambaa. Ukingo wa nyuma uingie ndani kidogo, kama mwezi mchanga, usipate nafasi ya kupigapiga. Na pembe ya nyuma, ile inayofungwa demani, kamba ya kuvutia tanga, iinuliwe juu ya usawa wa ubavu wa chombo, wimbi likirukia mbele lipite chini ya tanga badala ya kuingia ndani yake. Tanga lililojaa maji linaweza kung'oa mlingoti. Hilo la mwisho Fundi alilishika haraka kuliko yote, kwa sababu amewahi kuona turubai la lori lililojaa mvua likivunja vyuma.

Rangi ya chungwa ilikuwa bahati tu. Kanuni za mashindano hutaka matanga ya dhoruba yawe na rangi ya kuonekana kwa mbali, na Fundi alikuwa na jora la bashi la rangi hiyo ambalo wenye malori hawakulitaka.

Kasenyi ni mji wa samaki. Harufu ya chumvi na moshi inakupokea kabla ya watu. Vyombo vimelala mchangani kwa mamia, vipana, vya mbao, vimepakwa lami kwenye maungio, na karibu vyote vina injini nyuma. Chombo chetu kilikuwa na urefu wa mita nane hivi, mlingoti, mlingoti wa maji mfupi umechomoza mbele, tanga kuu lililonyooshwa kwa mwanzi wa mshazari, na ubao mpana ubavuni wa kuteremshwa majini ili chombo kisiteleze kwa upande. Mkuku wa maana hakina. Mzee alikuwa ameuchonga ubao ule mwenyewe.

Tulifika mapema, tukasubiri upepo. Asubuhi hewa hutelemka kutoka milimani, nyepesi, na wavuvi huitumia kutoka. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupaa, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi. Ukuta wa milima unaikamata. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani kuja pwani, na unakuja kwa hasira. Hapo kila chombo kinachotoka Kasenyi kinakwenda bisho, dhidi ya upepo, na kila kinachosimama kinasukumwa ufukweni.

Ziwa hili lina sifa hiyo tangu zamani. Samuel Baker, Mwingereza, alifika ng'ambo ya pili, upande wa Uganda wa leo, Machi 1864 akiwa na mwenzi wake, wakasafiri kwa mitumbwi kuelekea kaskazini kwa siku 13. Asubuhi walikwenda vizuri, mchana dhoruba ikawakimbiza ufukweni. Alichotumia kama tanga ni shuka lake la sufu la Kiskoti. Nililiwaza sana shuka lile pale mchangani. Hakuna kanuni wala asilimia, mtu kavua alichojifunika akakitundika, na kikamfikisha. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi alilizunguka ziwa zima kwa siku tisa na vyombo viwili vya chuma vya matanga, Dufile na Magungo. Ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi. Ukizingatia huo upepo wa mchana, siku tisa ni kazi ya wanaume hasa.

Saa saba hivi maji yakabadilika rangi. Tukafunga tanga la kanga moja, tukasukuma chombo.

Kwanza nilifurahi. Chombo hakikulala. Omo ilikaa sawa, msukani ulikuwa mwepesi, tanga dogo lilisimama bapa kama ubao wala halikutetemeka. Nikamgeukia Mzee na tabasamu la mwalimu. Yeye alikuwa anatazama maji.

Kisha likaja wimbi la kwanza la kweli. Si refu, pengine mita moja na kidogo, lakini lilikuwa limesimama wima, na nyuma yake, kabla hujavuta pumzi, lingine. Omo ikaligonga, chombo kikasimama tuli. Kikajikusanya, kikaanza kutembea, wimbi la pili likakisimamisha tena. Tulikuwa kama mtu anayejaribu kutoka mlangoni huku kila mara anasukumwa kifuani. Na chombo kisichotembea hakina msukani, hata ule ubao wa ubavuni haufanyi kazi, unahitaji mwendo ili ushike maji. Tukaanza kuteleza kwa upande, polepole, kuelekea ufukweni tulikotoka. Nikasema tubishe, tugeuze upande wa pili. Mzee akajaribu. Omo ikapanda hadi ikaelekea upepo, ikasita, ikarudi. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu nilikuwa nahesabu vichwa vya watu waliokuwa wamesimama mchangani kututazama.

Mzee hakunilaumu. Alivuta kamba ya injini, ikawaka, tukarudi. Alipomaliza kufunga chombo ndipo aliposema, bila kuniangalia:

"Mupepo ulihesabu. Maji haukuhesabu."

Nililala na maneno hayo. Zile asilimia zilitungwa kwa ajili ya vyombo vya bahari kuu, vyenye tani za chuma au risasi chini ya mkuku, vinavyokutana na mawimbi marefu ambayo chombo hupanda na kushuka kama ngamia. Ziwa Albert halina kina, penye kina kirefu kabisa ni mita 58 hivi, na upepo mkali kwenye maji machache hutengeneza mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana kama watu kwenye foleni. Chombo chetu cha mbao, kitupu, hakina uzito wa kujibeba kupita wimbi. Kikisimamishwa, kinachoweza kukiondosha tena ni tanga tu. Upepo ulikuwa unadai kitambaa kidogo, mawimbi yalikuwa yanadai kikubwa, na mimi nilikuwa nimemsikiliza mdai mmoja kwa sababu ndiye aliyenipa kovu.

Mzee alilijua hilo muda wote. Mwaka 2018, mapigano yalipowatoa watu Ituri kwa maelfu, alivuka ziwa mara nyingi akipeleka familia Sebagoro, upande wa Uganda, vyombo vikiwa vimejaa hadi maji yanalamba ukingo. Alinieleza hayo kwa kifupi sana, akitengeneza ndoana. Chombo kilichojaa, alisema, hukata wimbi kwa uzito wake lakini hakiinuki. Kitupu huinuka lakini husimama. Kila mzigo una tanga lake.

Siku ya pili tukafunga la doti. Safari hii sikufundisha mtu. Tulipunguza tanga kuu kwa kukunja sehemu yake ya chini, ili nguvu ya mbele na ya nyuma zisigombane: mbele ikizidi, omo hukimbia upepo, nyuma ikizidi, omo huupandia. Nikachomoa nyuzi za nailoni kutoka gunia la sukari, nikazifunga tatu tatu karibu na ukingo wa mbele wa tanga, ndani na nje. Nyuzi hizo ni macho ya maskini. Zote zikilala nyuma kwa utulivu, hewa inapita vizuri pande zote mbili. Ya nje ikianza kucheza, umekaza demani mno. Ya ndani ikicheza, umelegeza au umeupandia upepo mno.

Saa saba na nusu upepo ulikuwa mkali kuliko jana. Chombo kililala kidogo, Mzee akahamia upande wa joshi, unakotoka upepo, nami nikamfuata na makalio yangu yote nje ya ukingo. Wimbi likaja. Omo ikaligonga, chombo kikapunguza mwendo, nikasubiri kisimame. Hakikusimama. Tanga la chungwa likavuta, mbao zikalia, tukapita. La pili, tukapita. Mzee akasogeza usukani kwa vidole viwili tu, akiupandia upepo kidogo juu ya kila wimbi na kuuachia kila tunaposhuka. Nyuzi za gunia zikalala. Tulibisha mara nne mchana ule na mara zote nne omo ikakubali. Ufukwe ulikuwa mbali nyuma yetu kiasi cha kutotambua nani ni nani. Mara moja wimbi lilipanda hadi omo, likapita chini ya ile pembe iliyoinuliwa, likatulowesha sisi na kuliacha tanga. Fundi, aliyekuwa amekuja kuona kazi yake, alipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Alikuwa hajawahi kupanda chombo maishani, na alikuwa ameshika mlingoti kwa mikono yote miwili.

Lile la kanga moja hatukulitupa. Mzee alilikunja mwenyewe, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akalifungia chini ya ubao wa mbele pamoja na kamba yake. Nilishangaa, nikamuuliza la nini. Akasema iko siku mtu hatafuti tena kwenda mahali, anatafuta tu omo isigeuke hadi afike nchi kavu popote pale. Siku hiyo upepo unasukuma kutoka nyuma, na kitambaa kidogo mbele kabisa hukivuta chombo kwa pua, kama mtoto anavyovuta mbuzi. Kwa kazi hiyo, kanga moja inatosha. Nikiangalia nyuma, hilo ndilo hasa lililomo kwenye zile kanuni: ni tanga la kuokokea, wala si la kusafiria. Nilikuwa nimelisoma bila kulitanga, kama angesema yule askari.

Nilirudi Bunia na Fundi kwenye lori la makayabo. Kabla sijaondoka, wenye vyombo wengine wawili wa Kasenyi walikuwa wameshampigia simu wanataka bashi ya rangi ile ile. Turubai analo, uzi anao, hesabu ya doti ameishika. Asichonacho ni macho ya shaba. Yale yanayouzwa Bunia ni ya bati laini, yanafaa kwa mzigo wa lori uliotulia, lakini kwenye pembe ya tanga yanafunguka siku ya kwanza. Yale ishirini niliyobeba yalibaki matatu. Kwa hiyo wewe wa Tanga, Mombasa au Unguja unayepata safari ya Bunia, tia begini macho ya shaba ya tundu la milimita 12, pamoja na nyundo yake. Hayana uzito. Ukifika, nenda nyuma ya soko ukaulize fundi wa bashi ya chungwa.